Kipande cha Sh14 si Rahisi Kuliko cha Sh112: Jinsi ya Kupima Mfuko wa Hisa Kabla ya Kutoa Pesa

Bonasi ya majani chai ikishalipwa, vyama vingi vya akina mama na vikundi vya vijana hukaa chini kuamua pesa ziende wapi. Zamani jibu lilikuwa ng'ombe wa maziwa, ploti, au akiba katika Sacco. Siku hizi, kabla mkutano haujaisha, kuna mtu atakayetoa simu na kuonyesha tangazo la mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Tangazo huwa na picha nzuri, asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na bei ya kipande kimoja.

Somo la toleo hili linahusu kile ambacho tangazo halisemi: kama mali iliyo ndani ya mfuko huo inauzwa kwa bei ghali au bei nafuu. Hesabu yenyewe si ngumu. Anayeweza kugawanya bei ya gunia la mahindi kwa kilo 90 anaweza kuifanya.

Chukua mfano wa chama chenye wanachama 24, kila mmoja ametoa Sh20,000, jumla Sh480,000. Mezani kuna mifuko miwili ya hisa. Kipande cha mfuko wa kwanza ni Sh112, cha mfuko wa pili ni Sh14. Mweka hazina anasema waende na ule wa pili kwa sababu "uko chini, tutapata vipande vingi na vina nafasi ya kupanda." Wanachama wanaitikia kwa makofi. Hoja hiyo husikika karibu katika kila mkutano wa aina hii, na si sahihi.

Kwa nini bei ya kipande haisemi kitu

Mfuko wa pamoja hufanya kazi hivi. Wawekezaji wengi huchanga pesa, meneja wa mfuko hununua hisa, dhamana za serikali au huweka pesa benki kwa niaba yao, na kila mmoja hupewa vipande kulingana na mchango wake. Kila siku ya kazi, thamani ya mali yote ya mfuko huhesabiwa, madeni na gharama hutolewa, kisha kinachobaki hugawanywa kwa idadi ya vipande. Jibu ndilo bei ya kipande.

Kwa hiyo bei ya Sh112 au Sh14 inategemea tu mfuko ulianza na vipande vya shilingi ngapi na mali yake imekua kiasi gani tangu hapo. Sh480,000 zikiingia mfuko wa kwanza hupata vipande 4,286 hivi. Zikiingia wa pili hupata 34,286. Mali ya mifuko yote miwili ikipanda kwa asilimia 10, chama kitakuwa na Sh528,000 kwa kila upande. Ni sawa na kulinganisha chupa ya maziwa ya Sh30 na mtungi wa Sh300 bila kuuliza kila kimoja kina lita ngapi.

Kuna jambo la pili hapa ambalo hata wauzaji wengine hulichanganya. Mfuko wa wazi, yaani ule unaouza na kununua vipande vyake wenyewe kila siku, hauwezi kuuzwa chini ya thamani ya mali yake, kwa kuwa bei yake ndiyo thamani hiyo. Hali ni tofauti kwa vipande vinavyouzwa kati ya watu kwenye soko la hisa. Mfuko wa majengo wa Fahari, kwa mfano, uliuza vipande vyake kwa Sh20 mwaka wa 2015 ulipoorodheshwa Nairobi, na miaka iliyofuata vilibadilishana mikono kwa chini ya nusu ya bei hiyo ilhali majengo bado yalikuwepo. Lakini kwa mifuko ya kawaida ambayo mwananchi hununua kupitia simu au benki, swali la ughali au unafuu haliko kwenye kipande. Liko kwenye hisa zilizo ndani.

Bei dhidi ya faida

Kipimo cha kwanza ni uwiano wa bei kwa faida. Chukua bei ya hisa moja, igawanye kwa faida ambayo kampuni imepata kwa kila hisa katika mwaka. Hisa ya Sh20 ya kampuni iliyopata faida ya Sh4 kwa hisa ina uwiano wa 5. Maana yake mnunuzi analipa shilingi tano kwa kila shilingi moja ya faida ya mwaka. Hisa ya Sh50 iliyopata Sh2 ina uwiano wa 25.

Kampuni ambayo Wakenya wengi wanaijua inaonyesha nguvu ya kipimo hiki. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, Safaricom ilipata faida ya takriban Sh68.7 bilioni. Kwa hisa zake bilioni 40 hivi, hiyo ni kama Sh1.71 kwa hisa. Agosti mwaka huo hisa ilikuwa ikiuzwa karibu Sh44, kwa hivyo uwiano ulikuwa karibu 26. Kufikia mwisho wa 2023 hisa ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh14, na faida ya mwaka ulioishia Machi 2023 ilikuwa kama Sh1.55 kwa hisa. Uwiano ukawa 9.

Tazama nambari hizo kwa makini. Faida kwa hisa ilipungua kwa chini ya asilimia 10. Bei ilianguka kwa zaidi ya theluthi mbili. Kampuni haikuwa imefungwa, M-Pesa ilikuwa bado inatumika kila duka. Kilichobadilika zaidi ni kiasi ambacho wawekezaji walikuwa tayari kulipa kwa kila shilingi ya faida: wageni walikuwa wanauza na kuondoka, viwango vya riba vilikuwa vimepanda Marekani na hapa nyumbani, na gharama za kuanza biashara Ethiopia zilikuwa zinatia watu wasiwasi. Aliyeingia katika mfuko wa hisa mwaka wa 2021 kwa kutazama faida ya miaka iliyopita alinunua wakati wa bei ya 26. Aliyeingia mwishoni mwa 2023, huku kila mtu akilalamika, alinunua kwa 9, na kufikia katikati ya 2025 hisa hiyo ilikuwa imerudi juu ya Sh20.

Uzito wa kampuni hii moja ni jambo la kukumbuka. Soko la Hisa la Nairobi lina kampuni chache kubwa. Safaricom na benki chache kubwa hubeba sehemu kubwa ya thamani yote ya soko. Mifuko miwili ya hisa yenye majina tofauti na rangi tofauti inaweza kuwa na hisa zilezile tano juu ya orodha. Chama kinachogawa pesa katika mifuko miwili ya aina hiyo kikidhani kimejikinga, hakijajikinga sana.

Wastani unaodanganya

Mfuko una hisa nyingi, kwa hivyo uwiano wake ni wa hisa zote kwa pamoja. Hapa ndipo wengi hukosea, wakiwemo watu wenye digrii.

Chukua mfuko wa Sh100 milioni. Nusu iko kwenye hisa za uwiano wa 5, nusu kwenye hisa za uwiano wa 25. Mtu ataharakisha kusema wastani ni 15. Si kweli. Sh50 milioni kwenye hisa za uwiano wa 5 zinabeba faida ya Sh10 milioni kwa mwaka. Sh50 milioni nyingine, kwa uwiano wa 25, zinabeba faida ya Sh2 milioni. Jumla ya faida ni Sh12 milioni. Gawanya 100 kwa 12, unapata 8.3. Kanuni ni kujumlisha faida kwanza, kisha kugawanya pesa zote kwa faida hiyo.

Mtego wa pili ni kampuni zinazopata hasara. Uwiano wa bei kwa hasara hauna maana, kwa hivyo baadhi ya ripoti huziacha kampuni hizo nje ya hesabu kimyakimya. Chukua mfuko mwingine wa Sh100 milioni: Sh40 milioni ziko kwenye hisa za uwiano wa 8, zenye faida ya Sh5 milioni, Sh40 milioni kwenye hisa za uwiano wa 10, zenye faida ya Sh4 milioni, na Sh20 milioni kwenye kampuni ambayo sehemu ya mfuko katika hasara yake ni Sh3 milioni. Ukiacha kampuni ya hasara, ripoti itaonyesha uwiano wa 8.9. Ukiihesabu, faida yote ni Sh6 milioni na uwiano ni 16.7. Mfuko ni uleule, meneja ni yuleyule, lakini nambari moja inakaribia kuwa mara mbili ya nyingine. Swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: "Kampuni zenye hasara zimehesabiwa?"

Na faida ya jana haiahidi faida ya kesho. Mumias Sugar iliripoti faida ya takriban Sh2 bilioni katika mwaka wa fedha wa 2012. Mwaka uliofuata ikaripoti hasara ya zaidi ya Sh1.6 bilioni. Aliyeangalia tu faida ya 2012 aliona hisa ya bei ya kutupa. Mwaka wa 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu na wenye hisa, wengi wao wakulima wa miwa na watu wa kawaida, wakabaki na karatasi. Uwiano mdogo mno ni sababu ya kuuliza maswali zaidi kabla ya kushangilia.

Thamani ya vitabu

Kipimo cha pili ni uwiano wa bei kwa thamani ya vitabu. Toa madeni ya kampuni kutoka kwa mali yake, gawanya kwa idadi ya hisa, kisha linganisha na bei sokoni. Kampuni yenye thamani ya vitabu ya Sh100 kwa hisa inayouzwa Sh60 ina uwiano wa 0.6.

Kipimo hiki kinafaa sana kwa benki, na mifuko ya hisa ya Kenya imejaa benki. Katika miaka ya karibuni benki kadhaa zilizoorodheshwa Nairobi zimeuzwa chini ya thamani ya vitabu. Wengine huona hapo Sh100 inauzwa kwa Sh60. Lakini mali ya benki ni mikopo, na mikopo ikikosa kulipwa, ile Sh100 ya vitabuni si Sh100 tena. Soko huenda linajua hivyo.

Njia ya kutofautisha ni kutazama benki inapata faida gani kwa mtaji wake. Benki ya kwanza, yenye Sh100 za vitabu kwa hisa, inapata faida ya Sh20. Ya pili, yenye Sh100 hizohizo, inapata Sh4. Zote mbili zinauzwa Sh60. Ya kwanza ina uwiano wa bei kwa faida wa 3, ya pili 15. Zote ziko "chini ya thamani ya vitabu", ila moja inafanya kazi na nyingine inalala.

Habari njema ni kwamba ripoti ya mfuko ikitoa vipimo viwili vya kwanza, cha tatu hujitokeza chenyewe: gawanya uwiano wa bei kwa vitabu kwa uwiano wa bei kwa faida. 0.6 kwa 3 ni asilimia 20. 0.6 kwa 15 ni asilimia 4.

Kulinganisha na dhamana za serikali

Uwiano wa 8 ni ghali au nafuu? Haujibiki peke yake. Geuza hesabu: gawanya 100 kwa uwiano. Uwiano wa 8 unakuwa faida ya asilimia 12.5 kwa mwaka kwa kila shilingi iliyolipwa. Sasa linganisha na kile serikali inacholipa bila mashaka ya soko la hisa. Mwaka wa 2024 dhamana za serikali za siku 91 zilipita asilimia 15. Kufikia katikati ya 2025 zilikuwa zimeshuka chini ya asilimia 9. Hisa zilezile za asilimia 12.5 zilionekana hazina maana mwaka wa kwanza na za kuvutia mwaka wa pili, na hakuna kampuni iliyobadilisha chochote.

Tahadhari moja: faida ya kampuni haiingii yote mfukoni mwa mwekezaji. Sehemu hubaki kukuza biashara, na sehemu hulipwa kama mgao wa faida. Hisa ya Sh20 inayolipa mgao wa Sh1.60 ina kiwango cha asilimia 8, na baada ya ushuru wa asilimia 5 unaokatwa kwa mkaazi wa Kenya hubaki asilimia 7.6.

Ada hula kimya

Turudi kwa chama chetu cha mfano. Katibu ameomba ripoti za mifuko yote miwili. Ule wa Sh112 una uwiano wa bei kwa faida wa 7 na wa vitabu wa 1.1. Ada ya mwaka ni asilimia 2. Ule wa Sh14 una uwiano wa 14, wa vitabu 1.4, na ada ya asilimia 3.

Mfuko wa kwanza unabeba faida ya asilimia 14.3, ondoa ada, inabaki 12.3. Wa pili unabeba asilimia 7.1, ondoa ada, inabaki 4.1. Faida kwa mtaji ni karibu asilimia 16 kwa kampuni za mfuko wa kwanza, na asilimia 10 kwa za pili. Kile kipande kilichoitwa rahisi kwenye mkutano kinauza faida kwa bei maradufu.

Inawezekana kuna sababu. Huenda mfuko wa pili umenunua kampuni zinazokua haraka, na faida ya miaka mitatu ijayo itafanya 14 ya leo ionekane ndogo. Hiyo ni hoja halali, lakini ni meneja wa mfuko anayepaswa kuitoa, kwa majina ya kampuni na nambari. Jibu la "tutapata vipande vingi" si hoja.

Ada yenyewe isidharauliwe. Sh480,000 zikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka hufika karibu Sh773,000 baada ya miaka mitano. Ada ikipunguza ukuaji huo hadi asilimia 8, hufika Sh705,000. Tofauti ni karibu Sh68,000, na hakuna siku ambayo mwanachama ataona ikitolewa, kwa sababu hukatwa ndani kabla bei ya kipande haijatangazwa. Baadhi ya mifuko hukata pia ada ya kuingia au kutoka. Uliza zote.

Mahali ambapo vipimo hivi havifanyi kazi

Sehemu kubwa ya pesa za mifuko ya pamoja nchini Kenya haiko kwenye hisa. Iko kwenye mifuko ya soko la fedha, ambayo huweka pesa benki na kununua dhamana za muda mfupi. Huko hakuna faida ya kampuni ya kugawanya, na anayetaja uwiano wa bei kwa faida kwa mfuko wa aina hiyo hajui anachouza. Cha kuuliza huko ni kiwango kinachobaki baada ya ada na baada ya ushuru wa asilimia 15 wa riba. Kiwango cha asilimia 12 kikikatwa ushuru huo ni 10.2. Kwa Sh480,000 ni kama Sh48,960 kwa mwaka, si Sh57,600.

Hii ndiyo sehemu ambayo mwenyekiti wa chama anapaswa kusimamisha mkutano. Ikiwa wanachama tisa kati ya 24 wanahitaji Sh20,000 zao kwa karo ya Januari, Sh180,000 hizo hazifai kuwa kwenye mfuko wa hisa hata uwiano ukiwa 5. Hisa nafuu zinaweza kukaa nafuu miaka miwili, na zinaweza kuwa nafuu zaidi kabla ya kupanda. Pesa hizo ziende soko la fedha au zibaki Sacco. Zilizobaki, Sh300,000, ndizo za kujadili, na kwa wale tu wanaoweza kuziacha miaka mitano.

Ripoti ipatikane wapi

Mifuko iliyosajiliwa hutoa ripoti fupi inayoonyesha hisa kubwa zinazoshikiliwa, na taarifa za fedha zilizokaguliwa kila mwaka. Ikiwa uwiano haujaandikwa, orodha ya hisa kumi kubwa inatosha kuanza: kampuni zilizoorodheshwa hutangaza matokeo yao hadharani pamoja na faida kwa hisa, na bei za hisa hupatikana kila siku ya kazi. Kijana wa sekondari mwenye kikokotoo anaweza kumaliza kazi hiyo jioni moja.

Kabla ya hayo yote, jina la meneja na la mfuko lihakikishwe katika orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, inayojulikana kama CMA. Jina lifanane neno kwa neno, kwa kuwa kampuni moja inaweza kuwa na mfuko uliosajiliwa na bidhaa nyingine isiyosajiliwa yenye jina linalokaribiana. Pesa zilipwe kwenye akaunti au nambari ya malipo yenye jina la mfuko, kamwe zisitumwe kwa nambari ya simu ya muuzaji, hata kama ni jirani anayejulikana na wanachama wote. Serikali ya kaunti haiuzi wala haipendekezi mfuko wowote, na afisa yeyote anayedai kufanya hivyo kwa niaba ya kaunti aripotiwe kwa afisi ya msimamizi wa wadi.